Tufani Aliyepinda Mgongo

Mlandege, Iringa
Jumapili jioni

Mwanangu Odilia,

Kabla hujaendelea, futa mikono na ukae vizuri, maana barua uliyoshika imetoka kwa mtu mzito. Wachina walipokuja kupima njia ya reli walifika Makambako wakakwama, hawajui wapite kushoto au kulia. Nani aliwaonyesha? Ni mimi, nikiwa juu ya lori, kwa kidole hiki hiki kinachobana kalamu. Nikasema, piteni pale. Wakapita pale. Leo stesheni zinajengwa, watu wanapigwa picha wamevaa tai, na jina langu halitajwi popote. Sidai. Mtu mkubwa hadai.

Hali yako siulizi, kwa sababu umetoka hapa sasa hivi ukiwa mzima, umemaliza maharage, umekwenda kuwaaga wanakwaya wenzako. Naandika haraka kabla hujarudi. Mambo ya sweta na baridi ya Mbeya, ya kuchemsha maji ya kunywa, ya vijana wenye pikipiki, mama yako mdogo ameshayasema tangu juzi. Kesho atayarudia yote mpaka basi liwashe, na mengine atayasema likiwa limeshaondoka. Mimi sina la kuongeza hapo.

Mimi nina neno moja tu, neno la kijitu.

Utakuwa umeshakiona. Ulipofungua sanduku lako huko bwenini kwa wauguzi, ukakunjua ile khanga ya kijani, alianguka Tufani Aliyepinda. Nimemweka mimi. Na kwa kuwa nakujua, najua umeshaanza kufikiria dereva gani anarudi Iringa umpe amrudishe. Madereva wa barabara hii wote wananiheshimu, hakuna atakayekataa kumbeba. Basi kabla hujamtafuta huyo dereva, soma mpaka chini. Naomba hicho tu. Tufani huyo abaki kwako.

Leo mchana umenishinda kwa maneno mezani, na mimi si mtu wa kushindwa kwa maneno. Nilikuambia, "Mama, chukua huyu, nenda naye Mbeya." Wewe ukamtazama, ukamrudisha ndani ya kasha, ukafunga.

"Baba mdogo, ukitoa mmoja, seti imekufa."

"Ikifa nani atalia?"

"Wewe. Umewatafuta tangu mimi sijazaliwa. Sitaki niwe mimi wa kuivunja."

"Nimesema chukua!"

"Na mimi nimesema sichukui. Seti ni ya nani?"

Mama yako mdogo akagonga sahani na mwiko: "Mwacheni huyo mtu wa plastiki, ugali unapoa! Wenzenu wanagombania mashamba, nyie mnagombania mwanasesere!" Nikatoka nje nikasimama uani kama mtu anayepima mvua. Swali lako lilikuwa zuri kupita ulivyodhani. Seti ni ya nani. Nalijibu hapa, ila nianzie mbali, maana mimi safari fupi sijazizoea.

Ninyi mmekua na redio. Sisi tulikua na gari la sinema. Lilikuja mara moja kila kiangazi, bomba la sauti juu ya paa, muziki unasikika tangu huko mtoni, na kijiji kizima kinaacha sufuria motoni. Wanafunga shuka jeupe kwenye milingoti ya goli, giza likiingia picha zinaanza kutembea. Za kwanza zilikuwa za kilimo, watu wanazungumza tu. Halafu inakuja ya kuchorwa. Huyo ndiye Tufani. Mtu mfupi, kichwa kikubwa, kaptura, mkanda mpana, kofia yenye unyoya mmoja. Anaruka mto. Anapiga mamba ngumi, mamba anatema viatu vya watu aliowameza. Anapuliza filimbi, majambazi wanajifunga kamba wenyewe. Maneno yake yalikuwa ya Kizungu, kwa hiyo palikuwa na bwana mmoja wa kutueleza. Nadhani na yeye Kizungu alikuwa anakisikia kwa mbali, kwa sababu kila Tufani akifungua mdomo, yule bwana alisema, "Anasema kunyweni chai."

Ilikuwa sinema ya kampuni moja ya chai, siku hizi haipo. Ndani ya pakiti zao walitia kijitu cha Tufani, urefu wa kidole gumba, kimepakwa rangi. Huwezi kujua umepata yupi mpaka ufungue. Wa Ngumi, wa Filimbi, wa Kamba, wa Mkuki, wa Kuruka, na yule aliyeketi anafikiri. Sasa babu yako alikuwa mtu wa ulanzi, pombe ya mianzi. Alisema majani ya kuchemsha ni ya wagonjwa. Mimi ndiye niliyemfundisha mzee yule kunywa chai, kwa kulia. Nililia mpaka akanywa. Wanasema Wahehe walijifunza chai kwa wamisheni. Si kweli, walijifunza kwangu.

Nikapata wa Ngumi. Nikalala naye, nikaenda naye shule, nikatoka naye shule darasa la nne, tukaingia wote kwenye malori. Wenzangu walipoteza wa kwao, wengine walitupa, wakaoa, wakawa watu wazima. Kampuni ikafa, pakiti zikaisha. Nami, kila nikiona kofia yenye unyoya mahali popote, moyo uliruka kama siku ile ya shuka jeupe. Nikasema nitawatafuta wote, wapo tu, wako majumbani mwa watu kwenye barabara hii.

Hebu fikiria: mtu mzima, utingo, kifua kama mlango wa kanisa, lori likisimama Mafinga, Igawa, Chimala, anashuka anauliza kina mama, "Samahani, hapa hapana mtoto mwenye kijitu chenye kofia ya unyoya?" Wengine walidhani natafuta dawa. Mahali pamoja waliniitia balozi wa nyumba kumi. Nikamweleza balozi habari za Tufani, akaniuliza, "Yule wa mamba?" Tukakaa mpaka dereva akaniacha.

Wa Mkuki nilimpata bonde la Usangu, kwa Msukuma mmoja aliyehamia na mifugo yake. Alikuwa amemfunga shingoni mwa dume lake kubwa. Dume lile, Odilia, nilipita chini ya tumbo lake bila kuinama. Mwenye dume akasema, "Nikikupa, ng'ombe wangu watafuata nini?" Nikashika pembe, tukasukumana na lile dume mpaka jua likazama, likachoka, likalala, nikafungua uzi taratibu. Mama yako mdogo husema alinipa kwa kipande cha sabuni, na kwamba mwaka jana nilisema ni beberu. Yeye hakuwepo.

Lakini wa Filimbi, huyo naapa. Nilimkuta Chimala kwa mama muuza mchele. Alikuwa kizibo cha chupa ya mafuta ya taa, kichwa ndani, miguu nje.

"Mama, naomba hicho kizibo."

"Ukichukua, chupa niizibe na nini? Kidole chako?"

"Nitakupa kizibo kingine."

"Kina miguu?"

"Hakina."

"Basi baki nacho. Hiki changu kina miguu, nakishika vizuri."

Nilikaa pale nikamchongea gunzi la hindi, nikaliwekea na mkia wa kushikia. Akalijaribu, akatingisha chupa, akanipa Tufani wangu akinionea huruma kabisa. Mpaka leo huyo ananuka taa. Wewe ulikuwa ukimtenga na wenzake usiku, unasema asije akawaka.

Na wa Kamba aliletwa na baba yako. Marehemu kaka yangu alikwenda Makongolosi kuchimba dhahabu, akakaa huko mpaka ndevu zikamfika kifuani. Aliporudi tulimsubiri mlangoni, kila mtu anatazama mifuko yake. Akatoa kitambaa, akakifungua taratibu, mama yetu tayari ameshaanza kupiga vigelegele. Ndani, Tufani. Akanikabidhi mbele ya watu: "Dhahabu sikuiona. Nimekuletea mjinga mwenzako." Yeye hakumpenda Tufani hata kidogo, alisema kichwa chake ni kibaya. Lakini huko shimoni, kwenye matope, alimwona akamfuta akamtunza kwa ajili yangu. Nilikumbatia kijitu, kaka yangu nikamsahau amesimama na mzigo wake kichwani. Mtu akikuletea kitu kutoka mbali, mama, mpokee mzigo kwanza. Hilo nimelijua kwa kuchelewa.

Sasa huyu wa Kuruka, ambaye wewe humjui akiwa ameruka. Alikuwa mzuri kuliko wote. Mikono juu, kifua mbele, miguu haigusi chini. Nyumbani wakaingia panya, nami nikawaza: mbegu ya mahindi tunaiweka wapi? Dari la jikoni, juu ya moto, moshi unailinda mwaka mzima, haiguswi na panya wala mdudu. Baba aliweka pale, babu aliweka pale. Nikapandisha kasha langu darini, nikashuka nikijisifu. Wiki hiyo hiyo mama yako mdogo akapika pombe ya harusi ya dada yake, moto unawaka kutwa kucha, mapipa yanachemka, wanawake wanaimba. Niliposhusha kasha, wote walikuwa weusi kama sisi. Na wa Kuruka, aliyelala chini kabisa, amepinda. Mikono imeshuka, mgongo umekunjika, kichwa kimeinama. Nikamtia kwenye maji ya moto nimnyooshe, akapinda zaidi. Nikalia chozi la kiume, moja tu, kubwa.

Ninachokuambia hapo si habari ya moto. Mimi nilikuwa nimefundishwa namna moja ya kutunza, na nilidhani inatosha kwa kila kitu. Wewe unakwenda kutunza watu. Wako watakaotaka moshi na wako watakaotaka kivuli, na mwingine atataka tu umwache panya wamtembelee. Uliza kwanza. Mimi sikuuliza, nikapanda ngazi.

Halafu akafa baba yako. Mama yako alikuwa ameshatangulia, ungali unatambaa. Kifua kilimbana kaka yangu kwa muda mrefu, mavumbi ya shimo yale, na siku tulipomleta nyumbani kutoka hospitali wewe uliacha kusema. Hukulia, hukula, hukuitika. Ulikaa nyuma ya mlango wa jikoni unatazama miguu ya watu. Kina mama walikuita, padri alikuita, mimi nilikuhadithia habari za dume la Usangu mara nyingi mpaka mwenyewe nikachoka nalo. Kimya.

Sijui unakumbuka kiasi gani, kwa hiyo nitasimulia kama mtu asiyekuwepo. Siku ya maziko akaja Mzee Zenobi, yule Mngoni fundi cherehani. Wangoni na sisi tulipigana zamani mpaka tukachoka, tukabaki na utani. Na msibani mtani ana kazi yake. Anachekesha waliao ili wapate pumzi, anachukua chochote anachokiona ndani ya nyumba mpaka mumkomboe, na makaburini yeye ndiye wa kushika jembe kabla ya wote. Lolote atakalofanya, hakasirikiwi. Hata mtoto anajua. Mtani hakasirikiwi.

Zenobi akaingia chumbani kwangu, akatoka na kasha. Akapanga vijitu vyangu juu ya benchi, mbele ya waombolezaji wote, akavua kofia.

"Wahehe, nawapa pole kwa msiba wa pili! Mnamlilia huyu, kumbe mdogo wake ndiye mgonjwa. Tazameni watoto wake! Amezaa plastiki!"

Watu wakacheka, machozi bado yako mashavuni. Mama yako mdogo alicheka. Shangazi zako walicheka wakashikana. Ndivyo inavyotakiwa.

"Huyu ananuka taa! Huyu amekaa anafikiri, anafikiri nini? Anafikiri baba yake ataoa lini gari lile la sinema! Na huyu wa kamba..."

Alipomshika wa Kamba, nikasimama. Nilimshika Zenobi kola ya koti nikamwinua. Nilimwinua tu, mtani wetu, msibani, mbele ya jeneza la kaka yangu.

Kicheko kilikatika. Mama yako mdogo akasema kwa sauti ya chini, "Mwanaume we, huyo ni mtani." Nikamwachia. Zenobi akanyoosha koti lake, akarudisha kofia kichwani.

"Sawa. Nimekasirikiwa. Mzikeni wenyewe."

Akaanza kuondoka, na Wangoni wote waliokuja naye wakasimama. Mwanangu, umekua mjini, labda hujui uzito wake. Nyumba iliyoachwa na watani msibani inasemwa mpaka wajukuu. Wazee wetu walitazama chini. Nilitaka kusema samahani, mimi mwenye maneno ya kujaza lori na tela lake, mdomo ukawa mkavu. Kaka yangu amelala pale, na mimi ndiye niliyemharibia siku ya mwisho.

Ndipo ukatoka nyuma ya mlango. Ukapita katikati ya watu, ukaenda kwenye benchi, ukamchukua yule aliyepinda. Ukamkimbilia Zenobi, ukavuta koti.

"Babu. Huyu anakusalimia."

Ilikuwa sauti ndogo, imekauka. Mama yako mdogo akashika mdomo.

"Ananisalimia mimi?" akauliza Zenobi.

"Ameinama. Hujamwitikia."

Zenobi akatazama kijitu, akakutazama wewe. Akavua tena kofia, akainama mpaka akalingana nacho, na kwa Kihehe chake cha kuungaunga akaitikia, "Kamwene." Halafu akacheka mpaka akaketi chini, palepale vumbini, na wewe ukaketi, na ukalia kilio chako cha kwanza kwenye bega la yule Mngoni. Akakushika hivyo hivyo akiwatazama wazee wetu: "Wahehe mna mtu mzima mmoja tu, na bado ana meno ya utoto."

Tukazika. Yeye ndiye aliyeshika jembe la kwanza. Jioni wakati wa kukomboa akasema, "Hao wengine nipeni jogoo, wachukueni, sina haja nao, wananuka. Huyu aliyepinda hakombolewi. Ni wa binti huyu. Nimesema mimi, mtani, msibani."

Hilo ndilo jibu la swali lako la mchana. Neno la mtani msibani halina rufaa. Huyo Tufani alikuwa wako tangu siku ile. Mimi nilimrudisha kashani ili asipotee, nikasema mtoto bado mdogo, halafu nikasema yuko shule, halafu nikazoea kusema seti yangu kamili, seti pekee kamili toka hapa mpaka Uingereza. Haikuwa kamili na haikuwa yangu yote. Kwa hiyo leo huvunji kitu. Unaondoka na mali yako. Sikupi zawadi hata kidogo, mimi si mtu wa zawadi ndogo ndogo.

Na kwa kuwa nimeanza, nimalizie shukrani, maana mezani sitaweza.

Kabla yako hakuna aliyegusa vijitu vile. Hata mama yako mdogo alivifuta vumbi nikiwa nimesimama mlangoni. Wewe ulipohamia kwetu, siku moja narudi safari, nakuta kasha wazi na wote wamelala kitandani kwangu wamefunikwa leso.

"Odilia! Nani amekuambia uwashike?"

"Wanaumwa."

"Tufani haumwi. Tufani amepiga mamba."

"Ndiyo maana anaumwa. Huyu mgongo, huyu kichwa kimejaa mafuta ya taa. Usipige kelele wodini, baba mdogo. Toa viatu."

Nikatoa viatu. Mimi, niliyewaonyesha Wachina njia, nikatembea kwa vidole chumbani kwangu mwenyewe. Ukanipa kazi ya kushika taa. Ukamfunga yule aliyepinda kitambaa kiunoni, ukamwambia, "Usijali, hatukunyooshi. Utapona hivyo hivyo." Nilikaa pale na taa yangu nikafikiri habari ya yale maji ya moto.

Tangu hapo kila safari nilikuwa na watu wa kuwarudia. Zamani nilirudi kwenye kasha, nikahesabu, nikafunga. Ukanifanya niulize: mgonjwa wa filimbi ameamkaje? Amekula? Nikawa naendesha taratibu kwenye kona za Mafinga kwa sababu nilikuwa na ripoti ya wodi inanisubiri. Madereva wenzangu wawili walikwenda na maji mtoni kwa haraka zao. Mimi niko hapa naandika. Watu wanadhani ni ustadi wangu wa usukani. Ustadi upo, sikatai. Lakini asante.

Asante pia kwa kunisikiliza. Wenzako wakubwa wa ukoo walikuwa wananikata, "Baba mdogo, hapo umeongeza." Wewe hukunikata. Ulisubiri nimalize halafu ukauliza, "Na ng'ombe alisema nini?" Watu hunidhania mwongo. Barabara ni ndefu na ukweli ni mfupi, dereva akiutumia mkavu hafiki Igawa. Ila nimegundua jambo moja kuhusu chumvi zangu zote: nilizitia zaidi pale nilipokuwa peke yangu. Toka uje, dume la Usangu limekuwa likipungua. Ulipofika darasa la saba lilikuwa ndama.

Huko Mbeya watakucheka. Wasichana wa bwenini watamwona juu ya kitanda chako, watasema mwuguzi mzima ana mwanasesere mwenye kibiongo. Usifanye nilivyofanya mimi, usimshike mtu kola. Fanya ulivyofanya wewe. Waambie anawasalimia, waitikie. Atakayeitikia, huyo ni rafiki, mwonyeshe mpaka unyoya wa kofia. Asiyeitikia naye ni mtu, ana lake, mwache apite.

Ukikutana na mzee wodini anayejisifu, anasema yeye ndiye aliyejenga daraja, yeye ndiye aliyemfundisha mkuu wa mkoa kusoma, usimkate. Msubiri amalize. Halafu muulize ng'ombe alisema nini.

Hao wengine waliobaki nami wako salama. Nimewapanga dirishani badala ya kuwarudisha kashani, wa Mkuki upande huu, wa Ngumi upande ule, na katikati nimeacha nafasi. Haionekani kama pengo. Inaonekana kama mtu ametoka kidogo. Nimeitazama tangu nianze aya hii na bado niko hai, seti haijafa. Kwa hiyo usimtafute dereva. Mwache Tufani akae Mbeya.

Nasikia sauti zenu zinakuja barabarani, mnaimba, kwa hiyo nafunga. Kuna jambo dogo tu limebaki. Nisingelisema, lakini utakuwa umeshaona fujo ya stendi na labda umenikasirikia njia nzima mpaka Makambako.

Sanduku lako si kubwa, na konda hana kosa. Leo baada ya misa nilikwenda kumwona, yule mwenye kitambi wa basi la asubuhi, nikamwomba hisani: kesho aniambie sanduku halipandi, mimi nitabisha, yeye ang'ang'anie, tupigiane kelele mpaka basi liondoke, ili watu wakiona macho yangu mekundu waseme ni hasira. Kukuaga kwa mdomo siwezi, mama. Nimejaribu jana peke yangu bafuni, sikuvuka jina lako.

Konda hakucheka. Amekubali. Ila ameniambia niwahi kufika, kwa sababu kuna baba mwingine wa basi hilo hilo naye ameshaomba wagombane.

Baba yako mdogo,
Kaspari